UZI: Kuhuisha kibali cha Ujerumani ukiwa umejiajiri na wateja wako wote wako mtandaoni

MfasiriHuru

Wakuu salaam.

Humu jukwaani nyuzi za kupata visa ya kwanza ya kujiajiri Ujerumani zimejaa. Za kuhuisha kibali kikikaribia kuisha ni za kuhesabu, na nyingi zimeanzishwa na mtu aliyebakiwa na wiki mbili, kichwa cha uzi herufi kubwa tupu: MSAADA WA HARAKA. Nimeona nianzishe huu mapema, watu wausome wakiwa na akili tulivu.

Mimi ni Mtanzania, kazi yangu ni tafsiri. Natafsiri programu za simu, mikataba na maelezo ya filamu kati ya Kiswahili, Kiingereza na Kijerumani. Wateja wangu karibu wote wako Marekani, Uingereza na Nairobi, sijawahi kuonana nao ana kwa ana. Naishi mji wa kati huku, siutaji. Kibali kimeongezwa muda majuzi baada ya vuta nikuvute, kwa hiyo nayaandika yakiwa bado ya moto.

Tuanze na msingi. Ujerumani haina visa ya "wafanyakazi wa mtandaoni" kama nchi nyingine zinavyojinadi. Kilichopo ni kifungu cha 21 cha Sheria ya Ukaazi, Aufenthaltsgesetz. Aya ya 1 ni ya wafanyabiashara. Aya ya 5 ni ya taaluma huru, wanaoitwa Freiberufler, na orodha ya taaluma hizo imo kwenye kifungu cha 18 cha sheria ya kodi ya mapato: madaktari, mawakili, wahandisi, waandishi wa habari, wakalimani, wafasiri, na kazi zinazofanana na hizo. Wengi wetu tunaofanya kazi kwa laptop tunapita hapo.

Kuhusu kuongeza muda, kifungu cha 8 kinasema masharti ni yaleyale ya kupewa. Watu wakisoma hivyo wanajua wamemaliza: kama nilipewa, nitaongezewa. Hapo ndipo wanapokwama. Mara ya kwanza uliwapelekea ahadi: barua za wateja wanaotarajia kukupa kazi, makadirio ya mapato, wasifu wako. Hukuwa na historia, wakakupima kwa matarajio. Safari hii historia unayo, na wanayoitaka ni hesabu iliyosainiwa na mshauri wa kodi, pamoja na Steuerbescheid, ile barua ya Finanzamt, ofisi ya kodi, inayokuja baada ya kupeleka ritani. Uliyoahidi hayana kazi tena.

Sasa sikilizeni hili vizuri. Ofisa haangalii kiasi kilichoingia benki. Anaangalia faida, yaani kilichobaki baada ya matumizi ya kazi. Na sisi tuliojiajiri tunafundishana kuibana faida ili kodi iwe ndogo: laptop mpya, chumba cha kazi, treni, simu, vyote vinaingizwa. Kwa mwaka 2025 mtu asiye na ndoa hakutakiwa kulipa kodi ya mapato kama kipato chake hakikuzidi euro 12,096. Kuna jamaa alikuwa anatamba kwenye kikundi chetu kwamba ameshuka chini ya hapo, hakulipa hata senti. Haya, gawa 12,096 kwa miezi 12. Unapata euro 1,008 kwa mwezi. Karatasi hiyohiyo uliyoifurahia ndiyo unayompelekea ofisa wa uhamiaji kama ushahidi kwamba unajimudu.

Hesabu yao haina siri. Kiwango cha msaada wa serikali kwa mtu mzima anayeishi peke yake mwaka 2025 kilikuwa euro 563 kwa mwezi. Juu yake weka pango pamoja na joto, tuseme 600, na bima ya afya, tuseme 260. Umeshafika 1,423 kwa mwezi, zaidi ya 17,000 kwa mwaka, na kodi bado haijaguswa. Mwenye faida ya 12,000 anajibiwa nini? Mimi ofisa aligeuza kurasa zote za taarifa ya benki bila kusoma, akafika kwenye karatasi ya mshauri wa kodi, akapiga mstari kwa penseli chini ya tarakimu ya Gewinn, yaani faida, akaandika pango langu pembeni, akatoa. Kazi imekwisha. Taarifa za benki nilizozichapisha kwa rangi zilikuwa mapambo.

Sisemi mlipe kodi msiyodaiwa. Nasema mwaka unaojua kwamba kibali kitapimwa, zungumza na mshauri wa kodi mapema. Mwambie kibali kinaisha lini. Wengi wao hawajui habari za uhamiaji, wao wanajua kupunguza kodi tu.

Bima ya afya inastahili bandiko lake, nitarudi.

---

KijanaWaMbagala

Mimi nimekaa pale kwenye kona na karanga zangu. Endelea mkuu.

---

Nyambura_wa_Thika

Asante kwa hii uzi. Mimi niko Berlin, natengeneza tovuti na mifumo midogo ya maduka ya mtandaoni. Niongezee kitu: si wewe unaamua kama ni Freiberufler, ni Finanzamt. Unajaza fomu yao, unaeleza kazi, wanakupa namba ya kodi. Mwenzangu mmoja alijaza "natengeneza na kuuza tovuti" na wakamuweka kwa biashara ya kawaida, Gewerbe. Hapo kwa ofisi ya wageni ukatoka aya ya 5 ukaingia aya ya 1, na aya ya 1 wanataka kujua kama hiyo biashara ina faida kwa uchumi wa eneo, mtaji uko wapi, na wanaweza kuuliza maoni ya chama cha wafanyabiashara cha hapo. Kibali chake kilikuwa cha aina moja, kodi yake ya aina nyingine. Kupatanisha hizo mbili kulimchosha sana.

Wenye kuandika programu kwa kiwango cha uhandisi huwa wanakubalika kama taaluma huru. Lakini elezeni kazi kwa maneno ya kazi yenyewe: kubuni mfumo, kuchambua mahitaji, kuandika msimbo. Neno "kuuza" liacheni kama huuzi.

---

MfasiriHuru

Nyambura umeongea jambo. Nami niongeze hapohapo: angalieni kile kikaratasi cha kijani kinachokuja na kadi ya ukaazi, Zusatzblatt. Pameandikwa kazi unayoruhusiwa. Changu kinasema mfasiri na mkalimani. Siku nikianza kufundisha yoga kwa Zoom, hiyo si kazi iliyoandikwa. Unaomba ibadilishwe kabla, si baada ya ankara za yoga kuonekana kwenye hesabu.

Haya, bima. Wengi tuliingia na zile bima za wageni za euro 40 mpaka 100 kwa mwezi. Ubalozini zinapita. Wakati wa kuhuisha, mara nyingi hazipiti, kwa sababu ofisi inataka bima inayolingana na ile ya umma: isiyo na ukomo wa miaka, isiyoruka ugonjwa uliokuja nao, isiyoweka dari ya chini ya malipo. Bima za wageni nyingi zina ukomo wa muda kabisa kwenye mkataba. Someni kurasa za nyuma.

Shida ni kwamba mlango wa bima ya umma kwa aliyejiajiri si wa kusukuma tu ukaingia. Kuingia kwa hiari unatakiwa uwe ulikuwa ndani ya mfumo miezi 12 mfululizo kabla tu ya hapo, au miezi 24 ndani ya miaka 5. Uliyetoka Dar ukashuka moja kwa moja kujiajiri, huna hiyo miezi. Inabaki bima kamili ya binafsi, ambayo inapima afya yako na umri wako kabla ya kukupa bei.

---

MamaSalma_Hamburg

Nathibitisha. Mimi nilikuja kama mwanafunzi, nikawa kwenye bima ya umma ya wanafunzi, nilipomaliza nikajiajiri na kubaki humohumo kwa hiari bila kukatika. Wadogo zangu mlio vyuoni, msiruhusu pengo hata la mwezi baada ya kuhitimu. Ukitoka kurudi ni shughuli.

Na mjue michango ya bima ya umma kwa aliyejiajiri ina sakafu. Hata ukipata kidogo, 2025 walihesabu kama vile unapata euro 1,248.33 kwa mwezi. Ndiyo inakuja ile 260 aliyoitaja mfasiri, kwa asiye na mtoto.

Wasanii, waandishi na waandishi wa habari, waulizeni Künstlersozialkasse, mfuko wa bima ya jamii wa wasanii. Ukikubaliwa unalipa nusu ya mchango, nusu nyingine inatoka kwao. Kipato kinachotakiwa ni zaidi ya euro 3,900 kwa mwaka, na wanaoanza wana nafuu ya miaka 3 ya mwanzo.

---

MfasiriHuru

Dada MamaSalma, hiyo Künstlersozialkasse mimi ilinipita kwa sababu mikataba na programu za simu si fasihi. Mfasiri wa vitabu ndiye anayefaa hapo. Mwenye riwaya ya kutafsiri aniambie, nabadilisha mkondo leo.

---

Mteja_Mmoja_Tu

Wakuu, mimi bado niko Arusha, nina kampuni moja ya Marekani inanilipa kila mwezi kiasi kilekile, nafanya kazi saa zao, nina barua pepe yao, naomba likizo kwao. Kwenye mkataba wameandika mimi ni mkandarasi huru. Hii inatosha kwa hii aya ya 5?

---

MfasiriHuru

Kaka, kwa maelezo hayo hayo uliyoandika, umeshajijibu. Saa zao, barua pepe yao, likizo yao: Wajerumani wanaiita Scheinselbständigkeit, kujiajiri kwa jina. Mkataba unaweza kusema lolote, wao wanaangalia kazi inavyofanyika. Hata kama ukipita mara ya kwanza, kwenye kuhuisha ankara 12 za kampuni moja kwa kiasi kimoja zinaonekana kama hati za mshahara.

Na liko la pili. Aya ya 5 yenyewe haiweki sharti la faida kwa uchumi wa eneo kama aya ya 1. Lakini utakutana na maofisa wanaouliza, kwa nini uwe hapa kama wateja wako wote wako kwingine? Mimi niliulizwa. Kilichonisaidia ni kazi ndogo za ukalimani kwa watu wa hapahapa: shule, kliniki, shirika la wakimbizi. Fedha yake haifiki robo ya mapato yangu, ila kwenye faili zina uzito kuliko ankara zote za California.

---

Mswahili_wa_Lisbon

Nacheka kwa uchungu. Ujerumani wanataka wateja wa hapo, nendeni Hispania muone kinyume chake. Sheria yao ya 28/2022 iliyoleta visa ya wafanyakazi wa mbali inamruhusu aliyejiajiri kupata kutoka kwa wateja wa Hispania asilimia 20 tu ya kazi yake. Ukizidisha umevunja masharti.

Huku Ureno masharti ya D8, visa yao ya wafanyakazi wa mbali, yako wazi: kipato cha mara 4 ya kima cha chini cha mshahara, ambacho 2025 kilikuwa euro 870, kwa hiyo 3,480 kwa mwezi. Tatizo ni foleni. Baada ya idara ya zamani ya uhamiaji, SEF, kuvunjwa Oktoba 2023 na kazi kupewa idara mpya, AIMA, serikali ilitoa mara kadhaa amri za kurefusha uhalali wa kadi zilizokwisha muda. Kwa amri hizo, ndani ya Ureno watu waliishi vizuri na kadi iliyopitwa na tarehe. Vuka mpaka uone, askari wa uwanja wa ndege wa nchi nyingine hajui amri ya Lisbon, na wala hana haja ya kuijua.

---

TangaRaha

Hapo kwenye mipaka ndipo nilipo. Kibali changu cha Ujerumani kinaisha mwezi ujao, nimeshatuma maombi, hawajajibu. Mdogo wangu anaoa Tanga. Nikienda nitarudi?

---

MfasiriHuru

TangaRaha, hongereni kwa harusi. Jibu linategemea kisanduku kimoja.

Ukiomba kabla ya kibali kuisha, kifungu cha 81 aya ya 4 kinasema kibali cha zamani kinahesabika kinaendelea mpaka waamue, pamoja na haki ya kufanya kazi. Kwa hiyo kwanza hakikisha una ushahidi wa tarehe uliyotuma: risiti ya mtandaoni, barua pepe ya kuthibitisha, chochote. Kisha omba Fiktionsbescheinigung, cheti cha muda wakati unasubiri uamuzi, kile kikaratasi kinachokunjwa mara tatu. Ada ni euro 13.

Ukipewa, fungua ndani. Kuna visanduku. Kikiwekwa alama cha aya ya 4, unaweza kutoka na kurudi Ujerumani. Kikiwekwa cha aya ya 3 sentensi ya 1, unaruhusiwa kukaa, lakini ukitoka huna cha kukurudisha. Kosa la kalamu la ofisa hapo linaweza kukufungia Tanga. Soma ukiwa bado mbele ya kaunta.

Ukisafiri beba vyote: kadi ya zamani hata kama imeisha, kikaratasi, pasipoti. Mhudumu wa ndege pale Dar huenda hajawahi kukiona. Fika mapema, na ukiweza chagua ndege inayotua moja kwa moja Ujerumani usipite kwanza nchi nyingine ya Schengen.

---

TangaRaha

Nimeshapewa, nakiangalia sasa hivi. Aya ya 4. Nimepumua.

---

Kigamboni_Beach

Nyie watu mnajitesa. Kazi ya laptop si unaifanyia popote? Rudi nyumbani, pango la huku ni robo, samaki wabichi, unalipwa dola zilezile. Mnakimbilia baridi kwenda kuhesabiwa pango na ofisa.

---

MfasiriHuru

Mkuu, una hoja, na kuna siku za Februari huku nakubaliana nawe kwa asilimia mia. Ila mke wangu ana kazi hapa na mtoto yuko darasa la pili. Si wote tuko huku kwa sababu ya laptop.

Na wanaodhani watakula pande zote mbili, wakae Kigamboni msimu wa baridi warudi msimu wa joto, wasome kifungu cha 51. Ukikaa nje zaidi ya miezi 6 kibali kinakufa chenyewe, hakuna barua ya kukuaga. Namfahamu mmoja aliyegundua hilo akiwa kwenye kibanda cha askari wa uhamiaji.

---

Mzee_wa_Ruvuma

Vijana, mimi nina miaka 47, ni mwandishi, nataka kujiunga na huu mchezo. Kuna linalonihusu?

---

Nyambura_wa_Thika

Shikamoo mzee. Liko. Kifungu hicho hicho cha 21, aya ya 3: ukishavuka miaka 45 unatakiwa uonyeshe mpango wa kutosha wa uzeeni. Pensheni, akiba, nyumba, bima ya maisha. Kiasi wanachokitaka hubadilika kila mwaka, kwa hiyo uliza ofisi ya mahali utakapoishi. Kama una michango NSSF au nyumba Songea yenye hati na tathmini, anza kuvitafsiri rasmi. Na kwa umri huo bei ya bima binafsi itakuuma, ipigie hesabu kabla ya tiketi.

---

Mzee_wa_Ruvuma

Marahaba mwanangu. Nyumba ipo, hati bado iko kwa marehemu baba. Naanzia baraza la ardhi basi.

---

HakiYangu

Swali kwa mleta uzi. Nimetuma kila kitu, miezi inapita, nikiandika hawajibu, nikienda mlinzi ananirudisha. Mteja wangu mkubwa anataka kuona kibali halali la sivyo hatanipa mkataba mpya. Nifanyeje?

---

MfasiriHuru

Pole sana. Mteja mpe Fiktionsbescheinigung pamoja na ukurasa wa sheria unaosema kazi inaruhusiwa. Wengine hawaelewi Kijerumani, mimi nilijitafsiria aya moja nikaambatanisha, wakatulia.

Kwa ofisi, kuna njia ambayo watu wetu wanaiogopa bure. Kifungu cha 75 cha sheria ya mahakama za utawala kinakuruhusu kushtaki kwa kutoshughulikiwa kama miezi 3 imepita tangu uombe na hakuna sababu ya msingi. Inaitwa Untätigkeitsklage. Huombi mahakama ikupe kibali, unaomba ilazimishe ofisi iamue. Kabla ya kufika huko, andika barua ya posta yenye kusajiliwa, uwape tarehe ya mwisho, utaje kifungu hicho. Mara nyingi barua hiyo pekee inaamsha faili. Ila angalizo: faili lako liwe limekamilika. Ukiwalazimisha waamue na bima yako ni ya euro 45, wataamua kweli, na hutapenda.

---

HakiYangu

Bima ni ya umma, mshauri wa kodi ameshasaini, kilichokosekana ni Steuerbescheid ya mwaka jana, Finanzamt haijaituma.

---

MfasiriHuru

Hilo ni la kawaida, ritani mwisho wake ni tarehe 31 Julai ya mwaka unaofuata, na ukitumia mshauri muda unasogea mbele zaidi, kwa hiyo karibu kila mtu anahuisha akiwa na Steuerbescheid ya mwaka juzi. Peleka hiyo ya juzi, ongeza uthibitisho kwamba ritani ya mwaka jana imeshatumwa, na hesabu ya mapato na matumizi ya mwaka huu mpaka mwezi uliopita yenye saini na muhuri wa mshauri wako. Ofisi nyingi zina fomu yao ya mshauri kujaza, Prüfungsbericht. Muulize kama ameijaza hiyo au aliandika barua yake mwenyewe. Kama ni barua yake, hapo ndipo faili lako lilipolala.

---

HakiYangu

Ni barua yake. Nampigia kesho asubuhi.